Kamba ya Mzee Athumani

Nyuma ya nyumba ya mwanangu hapa Boko kuna miti tisa mirefu, imesimama kwenye mistari mitatu. Nyie vijana mnaokatisha pale kwenda dukani mmeizoea, na najua kila mmoja ana jina lake analoiita. Mmoja aliniambia ni miparachichi isiyozaa. Mwingine aliniuliza kama majani yake yanatibu sukari, na nilipomwambia hayatibu chochote alinitazama kama mtu anayefichwa dawa. Ni miti ya mpira. Matairi, glavu za hospitali, ndala za zamani zile zilizokuwa hazikatiki upesi, vyote vilianzia kwenye mti kama huo, na mtu mwenye kisu amesimama mbele yake asubuhi.

Kwa miaka arobaini na moja mtu huyo nilikuwa mimi. Niligema mpira kwenye shamba moja kubwa upande wa Muheza. Nilifika pale binti, nikaondoka bibi. Mjukuu wangu Upendo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Tegeta, ndiye aliyenisumbua niandike, nami naandika kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi, kwa sababu nina presha ya macho. Daktari hakunificha. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua kutoka pembeni kuja katikati. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Kwa hiyo niseme tangu mwanzo ninachokitaka. Nataka nigeme mti wangu mwenyewe, hata mara moja, kabla tundu halijaziba. Maisha yangu yote niligema miti ya watu.

Mbegu nilikuja nazo siku niliyostaafu, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Kwenye sherehe ya kuniaga kulikuwa na soda na hotuba ndefu, lakini sikusikia neno, nilikuwa nawaza mbegu. Mbegu ya mpira haingoji mtu. Ukiiweka kabatini wiki chache, imekufa, na kwa nje inaendelea kung'aa vilevile ikikudanganya. Tunda lake lina vyumba vitatu, na likikauka juani linapasuka kwa mlio mkubwa, mbegu zinarushwa mbali. Msimu wangu wa kwanza shambani niliusikia mlio huo nikiwa peke yangu katikati ya mistari, nikalala kifudifudi nikidhani kuna mtu anapiga bunduki. Wenzangu walinikuta hivyo. Walinitania mpaka mwaka ulipoisha, na wengine hawakuacha kabisa.

Nilizipanda kumi na mbili, tatu zikafa. Upendo alikuwa kidato cha pili, akanisaidia kubeba maji. Baba yake alidhani napanda kivuli, nami nikamwacha na mawazo yake. Kosa langu ni kwamba sikuuliza udongo. Chini ya ardhi ya Boko kuna mawe ya chokaa, na mpira haupendi chokaa. Kule Muheza mti hufika wa kugemwa mwaka wa sita au wa saba. Yangu sasa iko mwaka wa kumi.

Watu hudhani shamba la mpira likishapandwa ni kusubiri tu. Nyie mngeona kazi yake. Miaka miwili ya kwanza miti ni vijiti, na majani ya porini yanaikimbiza usiku na mchana, ukilala wiki moja huioni. Tulikuwa tunapalilia, na katikati ya mistari tunapanda maharage yetu wenyewe ili jembe lisituume bure. Halafu kama mwaka wa nne hivi vichwa vya miti vinagusana juu. Mwanga unazimika chini, nyasi zinakufa zenyewe, na maharage yako yanakataa kuzaa. Hapo shamba linanyamaza. Nililipenda shamba la umri huo kuliko la umri wowote. Unatembea juu ya majani makavu kama zulia, baridi kidogo, na miti imenyooka bila jeraha hata moja, haijui bado itakuja kufanywa nini.

Mti wa mpira hupukutisha majani yote kila mwaka ukishapevuka. Sikuambiwa. Asubuhi moja nikakuta mistari yangu iko uchi, matawi matupu, nikakimbia mpaka kwa mnyapara wetu nikihema.

"Mzee, miti imekufa. Mstari mzima, na wa pili, na wa tatu."

Mnyapara wetu aliitwa Mzee Athumani, Mbondei, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa ambayo sijui ilikuwa rangi gani ilipokuwa mpya. Aliivua, akajifuta jasho, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wewe gauni hilo unalivaa mwaka mzima?"

"Hapana, Mzee."

"Basi na wao waache wabadili. Rudi baada ya wiki tatu."

Baada ya wiki tatu shamba lilikuwa limevaa majani mapya, ya rangi ya shaba kwanza, kisha kijani. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Mpaka leo kila Upendo anaponipigia simu kuuliza kama majani ya Boko yameanza kuanguka, namkumbuka Mzee Athumani na kofia yake.

Ndiye aliyenifundisha kisu. Mwezi mzima hakuniruhusu kugusa mti ulio hai. Alinipa gogo, nikae nikilichonga gome lake kuanzia asubuhi, mstari wa kushuka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, mwembamba, sawasawa. Siri ya kugema iko kwenye kina. Maziwa ya mpira yako ndani ya gome, karibu sana na mti wenyewe, lakini ukiugusa mti umeharibu. Unatakiwa ufike karibu uache ngozi nyembamba kama ile ya ndani ya yai. Ukiacha nene, maziwa hayatoki. Ukiimaliza, pale hapataota gome zuri tena, panaota nundu, na nundu hiyo atakutana nayo mgemaji atakayekuja baada yako miaka mingi baadaye, akutukane bila kukujua.

Mzee Athumani aliyasoma magome kama mwalimu anavyosahihisha madaftari. Siku moja alisimama kwenye mti wangu, akapitisha kidole.

"Hapa uligombana na mumeo," alisema.

Ilikuwa kweli. Niligombana naye alfajiri ile kwa sababu ya kuni. Tangu siku hiyo nilijifunza kusimama kidogo kabla ya mti wa kwanza, nipumue, niache ya nyumbani yabaki nyumbani. Hilo nalo ni ufundi, na wala si wa mpira tu.

Sasa nifike kwenye kamba. Nimekuwa naizungukia tangu nilipoanza kuandika, na Upendo ameniambia inaonekana.

Mti mchanga haugemwi kwa umri, unagemwa kwa unene. Unapimwa kwenye usawa wa kifua, na ukifika nusu mita mzunguko wake, umeiva. Siku hizo tulipimia kamba ya katani yenye mafundo mawili, nusu mita kati ya fundo na fundo. Unauzungushia mti. Mafundo yakipishana, bado. Yakikutana au kuachana, unapaka chokaa. Sehemu ya shamba ikiwa na miti ya kutosha yenye chokaa, inafunguliwa, wagemaji wanaingia. Kamba alizitoa Mzee Athumani mwenyewe, amezipima kwa rula, akampa kila mpimaji yake.

Yangu ilichafuka siku ya kwanza. Utomvu, udongo, jasho, imekuwa nyeusi inanata. Nami nililelewa na mama ambaye kitu kichafu hakilali ndani ya nyumba. Jioni niliiloweka kwenye maji ya moto, nikaifua kwa sabuni, nikaianika juani kesho yake wakati wa chakula. Ilirudi nyeupe, nzuri, nikajisifu. Halafu nikaendelea kupima siku nne, nikapaka chokaa miti mingi kuliko mwenzangu yeyote, nikajisifu tena.

Katani ikifuliwa inarudi ndani, inakuwa fupi. Ile yangu ilirudi kwa upana wa vidole viwili. Wasichana wote mliofunzwa usafi nawaomba mnisamehe, lakini pale usafi ulikuwa ni ujinga.

Sehemu ile ikafunguliwa. Mti ukianza kutoa maziwa, shina linapunguza kasi ya kunenepa, kwa hiyo mti uliofunguliwa ukiwa mwembamba unabaki mwembamba. Kichwa kinakua, shina halikui. Mwanzoni maziwa yalikuwa machache na wakubwa wakanung'unika. Ulipofika mwezi wa upepo, tukasikia mchana kweupe miti inakatika katikati, mmoja, halafu mwingine, na kila ulioanguka unavuta wa jirani. Nilisimama pembeni ya sehemu ile na mimba ya miezi saba, nikiihesabu kwa masikio.

Mzee Athumani alikuja akanyoosha mkono. Nikampa kamba. Aliiweka sambamba na yake, akaangalia weupe wake, akainusa. Harufu ya sabuni ilikuwa bado ipo.

Nilikuwa kibarua. Vibarua walikuwa hawaonywi, walikuwa wanaondolewa. Mume wangu naye alikuwa kibarua. Wakubwa walipokuja kuuliza nani alipima, Mzee Athumani alisema kamba ilikuwa yake na ilikuwa na kasoro. Hakutaja mtu. Walimvua unyapara siku hiyohiyo, wakamtoa kwenye nyumba ya matofali aliyokaa na familia yake, wakamrudisha kwenye mabanda ya bati. Akapewa panga la kufyeka majani, na panga hilo alilishika mpaka alipostaafu. Mkewe aliendelea kuniletea ndizi na kunikandia mgongo, kwa sababu hata yeye hakuambiwa.

Nilimfuata siku ya tatu.

"Mzee, kamba ilikuwa mikononi mwangu."

"Niliitoa mimi. Nilitakiwa kuipima upya kila asubuhi, asubuhi zile sikuipima. Hilo langu, usiniibie."

"Na la kuifua?"

"Hilo lako. Kaa nalo." Kisha akalionea huruma tumbo langu, nadhani, akaongeza: "Gema vizuri, mwanangu. Basi."

Niliomba nipangiwe sehemu ile, iliyobaki. Hakuna aliyeitaka, kwa hiyo nilipewa. Niliigema mpaka ilipozeeka. Niliijua miti ile mmoja mmoja, yote myembamba kuliko wenzao wa umri uleule, kama watoto waliobebeshwa ndoo mapema. Nilikuwa nazungumza nayo. Wenzangu walijua, wakaniona nimechanganyikiwa kidogo, nami nikawaacha.

Mti wa mpira unazeeka kwa utaratibu. Unagema upande mmoja, ukiisha unahamia wa pili, na wakati huo gome la upande wa kwanza linaota upya, miaka inapita, unarudi tena. Ukishazunguka kote, unapanda ngazi unagema juu. Mwishoni, unene ni mkubwa, gome ni gumu na lenye nundu, maziwa ni kidogo, na uamuzi unatolewa wa kukata. Mwaka wa mwisho mgemaji anaambiwa akate anavyotaka, pande zote, kila siku, kwa kuwa mti unakwenda kufa. Wengine walifurahia. Mimi sehemu yangu niliigema vilevile nilivyofundishwa, siku moja kazi na siku moja mapumziko, ngozi ya yai, mpaka walipokuja na misumeno.

Mwaka jana Upendo alinipeleka kwenye duka la fenicha Tegeta. Mwenye duka, Bwana Murtaza, familia yao Wahindi wa pale siku nyingi, alikuwa ananionyesha meza aliyosema imetoka nje ya nchi. Nilipitisha mkono juu yake. Mbao nyeupe yenye mistari mifupifupi ya kahawia, kama vumbi la chai. Nikamwambia huu ni mpira. Akacheka kwa adabu, akasema, mama, mpira hauwi meza. Nikamwomba akae, na alipokwisha kunisikiliza akaagiza chai. Sikununua meza. Nilikaa nayo tu.

Mzee Athumani alipostaafu alinipa kamba yake, ile isiyofuliwa. Alifariki miaka mitatu baadaye, tukamzika kwao. Msibani binti yake alinishika mikono akaniambia baba yake alikuwa akinitaja, kwamba mimi ndiye mgemaji wake. Nikamjibu asante. Binti huyo anaishi Temeke, na nakala ya kwanza ya karatasi hizi Upendo atampelekea yeye kabla yenu. Ajue kwa nini walitolewa kwenye nyumba ya matofali. Alikuwa mtoto, hakuna aliyemweleza. Naogopa, lakini itakwenda.

Jumamosi iliyopita Upendo alikuja asubuhi mapema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unanong'ona, kuna mgonjwa?"

"Njoo nyuma. Usiulize."

Alinishika mkono mpaka kwenye ule mti wa katikati. Chini aliweka kifuu cha nazi, kimesafishwa, na waya wa kukifungia. Halafu akaniwekea kitu kiganjani, na kabla sijakitazama mkono wangu ulishakijua. Kisu cha kugemea, ncha iliyokunjwa. Alikitafuta mpaka Muheza, akatumiwa kwenye basi.

"Nimepima jana," alisema. "Huu umefika. Nusu mita na zaidi, bibi. Nimetumia futi ya fundi cherehani."

Nilijua furaha yake ilikuwa ya kweli, na yangu pia ilikuwa ya kweli. Sijui niliposimama na kisu kile nilikuwa na umri gani. Niliugusa mti pale ningeanzia.

"Ulipimia wapi, mama?"

Akainama kuokota waya.

"Upendo."

"Pale chini kidogo."

"Chini wapi?"

"Kwenye magoti," alisema.

Mti uliooteshwa kwa mbegu ni mnene chini kuliko juu, na yeye alilijua hilo, kwa kuwa nilimfundisha. Nilimtuma chumbani kwangu akaniletee kamba. Niliuzungushia mti kwenye usawa wa kifua changu, na kwa kuwa macho yalikuwa hayanisaidii nikatafuta mafundo kwa vidole. Yalipishana. Niliingiza vidole vyangu kati ya fundo na fundo. Viliingia viwili.

Ningeweza kusema umefika. Mti ni wangu, mbegu nilibeba mimi, na hakuna mkubwa wa kuja kuuliza.

"Bado," nilisema.

"Bibi, mti mmoja tu. Mie sijasema yote. Nani atajua?"

"Mti."

"Na mwakani? Daktari amesema mwakani—"

"Nilikuwepo. Nilimsikia."

Alilia, nami nikamwacha alie kwa sababu alikuwa analia kwa haki. Kisha nikamwambia alete lile gogo la mwarobaini lililo karibu na jiko. Nilikaa nalo kwenye kigoda, nikafumba macho kabisa, nikaanza kulichonga gome, kushoto juu kuja kulia chini. Sikuwa na uhakika na nafsi yangu. Lakini kidole gumba kilikwenda mbele ya kisu kikiniambia kina, kama kilivyokuwa kikifanya siku zote bila mimi kukisikiliza. Upendo alipitisha mkono kwenye alama. Akasema iko sawa. Nikaushika mkono wake juu ya kisu, tukachonga pamoja, na kila alipozidisha nilimfinya.

Tulipochoka nilimpa kamba aitunze yeye. Aliikunja, akaisogeza puani. Yule mtoto ni msafi kama mama yangu.

"Inanuka, bibi. Niifue kwanza?"

Nilicheka mpaka nikashindwa kukaa kwenye kigoda. Naye alicheka, bila kujua anachekea nini, na nilipoanza kulia aliacha akaja kunikumbatia. Ndipo nikamwambia akae chini, nikamsimulia yote, kuanzia sabuni. Alisikiliza bila kunikatiza, halafu akainuka akaenda kuitundika kamba kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na uchafu wake wote.

Mwakani miti ikishabadili majani tutaupima tena ule wa katikati, kwenye usawa wa kifua. Kisu kitakuwa mkononi mwa Upendo, na mkono wangu utakuwa juu ya wake. Kama sitayaona maziwa yakishuka, nitaweka kidole kwenye kifuu, niyasikie yakijaa.